Swali la Baba kwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi yangu na hao watundu wenu. Natumaini kifua chako kimetulia na mnalala vizuri. Huku hatujambo, isipokuwa mgongo wa Mama, ambao kila asubuhi una habari zake.

Tumesoma ulichoandika: chumba cha Baba kiko tayari kwako, muuguzi umempata, na gari litakuja mwisho wa mwezi kumchukua, ili Mama abaki nami apumzike. Niliona umesema kweli. Mama naye alikubali, akaanza kukunja nguo za Baba. Tangu apigwe na kiharusi, Baba, kasisi wetu huyu ambaye Waanglikana wote wa parokia walimwita Kengele kwa sauti yake, amebakiwa na neno moja tu, "hapana". Akitaka maji, hapana, akishiba, hapana. Mama alisema amechoka kumwogesha mtu asiyejua kama anaogeshwa na mkewe au na mtu wa hospitali. Sikumlaumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumatano akaja kasisi kijana aliyeletwa na askofu kushika parokia. Jumamosi alikuwa na ndoa yake ya kwanza kuifungisha, na aliogopa kukosea maneno. Akaomba ajizoeze mbele ya Baba, kwa heshima ya mzee wa kazi. Mama alikuwa ukingoni mwa kitanda akimlisha Baba uji. Kijana akafungua Kitabu cha Sala, akaanza kusoma, na hakwenda mbali akakwama.

Baba akaendelea.

Kaka, niamini. Ilikuwa sauti ile ile ya Kengele, maneno yamenyooka, bila kitabu, kama alivyowaambia maharusi wote wa parokia hii. Kijana alidondosha kitabu na hakuinama kukiokota. Baba akainua mkono wake mzima, na kwa kuwa mwanamke aliyekuwa mbele yake ni Mama, akamwuliza yeye:

"Je, utampenda mume huyu, utamfariji na kumtunza, akiwa mzima na akiwa mgonjwa, siku zote mtakazoishi?"

Kisha akasubiri. Unajua alivyokuwa kanisani, hakuwahi kumharakisha bibi harusi, hata aliyelia. Nilidhani Mama atacheka. Aliweka bakuli chini, akapangusa mikono kwenye gauni, akamtazama sana, akasema, "Nitafanya hivyo."

Baba akaitikia kwa kichwa, akabariki, akasema amina. Nikamkimbilia, nikamwuliza kama ananitambua. Hapana. Kama anataka maji. Hapana. Uji ulikuwa umeshapoa.

Daktari anasema hutokea, eti maneno ya sala hukaa mahali pake kichwani. Sibishani naye. Lakini mimi nilikuwepo, nikasikia.

Sasa lile nililoogopa kukuambia: gari usilitume. Mama amezirudisha nguo kabatini. Nilimweleza kwamba Baba hakujua anamwuliza nani, alikuwa kazini tu. Akanijibu, "Najua, mwanangu. Ila mimi nilijua ninamjibu nani."

Ukitaka kusaidia, tuletee huyo muuguzi huku. Aliyekula kiapo ni Mama, si mgongo wake.

Nisalimie wote nyumbani kwako. Baba pia anakusalimu. Nilimwuliza kama niandike hivyo, akasema hapana, nasi tumeshamzoea.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba