Taa za Lori kwenye Pikapu ya Mzee

Alhamisi

Chakula kimenishinda. Pikapu ya Mzee Kiprono imeungua asubuhi ikileta maziwa kutoka Moiben, na ni mimi niliyemfungia zile taa za lori aone kwenye ukungu. Taa ni za volti ishirini na nne, gari ni la kumi na mbili, kwa hivyo niliunganisha betri ya pili. Fyuzi, za kukata umeme waya ukipiga shoti, zilikuwa zimeniishia. Nikafunga hivyo hivyo, nikasema nitaweka akirudi Jumamosi.

Waya ukasuguana na bodi, ukashika moto.

Amekuja gereji na mkono umefungwa bendeji. Nilingoja matusi.

"Pole, kijana wangu," akasema. "Nimekuharibia kazi. Hiyo gari ilikuwa imezeeka."

Nikamjibu, "Ni kweli, Mzee."