Nilisajili Jina la Bi Mwanaidi

Alhamisi, Agosti. Upepo, vumbi, na moyo mzito.

Tangu asubuhi upepo unapiga mabati ya kafe yangu ya intaneti na vumbi limejaa kwenye kibodi. Wateja wamekuja wawili tu. Hata hao sikuwa na uso wa kuwachangamkia.

Niseme tu. Mimi ni mwizi wa jina.

Mama Zuhura, aliyekuwa jirani yetu nilipokuwa mtoto, anakamua mafuta ya alizeti pale Majengo. Mafuta yake yanaitwa Bi Mwanaidi, jina la marehemu mama yake, aliyeanza kuyauza kwa chupa za soda. Tangu biashara iwe huria, jina hilo limefika hadi Morogoro. Mwaka jana nilimshauri afungue tovuti. Akasema tungoje mavuno yapite kwanza. Sikungoja. Nililisajili jina la Bi Mwanaidi kwenye intaneti, na mwenye jina nikajiandika mimi.

Nilijiambia kwamba namshikia nafasi. Hapa kwetu maji yakiwa ya shida unaacha ndoo yako bombani unakwenda zako, na hakuna wa kukuruka. Aliyewahi kawahi. Nilidhani majina ya intaneti nayo ni foleni.

Kisha nikafungua tovuti kwa jina hilo, na oda zikaanza kuja. Watu walioamini wanamwandikia Mama Zuhura walikuwa wananiandikia mimi. Kumpelekea ilikuwa safari ya dakika chache kwa baiskeli. Mimi nikazipeleka kwa mkamuaji mmoja wa Mkonze, naye akawa ananikatia changu. Tamaa. Sina neno lingine.

Mafuta ya Mkonze yalikuwa yamechacha. Mwezi uliopita mwenye duka mmoja wa Morogoro aliyarudisha madumu yote, akayashusha mlangoni kwa Mama Zuhura na kumtukana mbele ya wateja, kwa mafuta ambayo hakuyakamua. Mama wa watu alipouliza yaliagizwa wapi, akaonyeshwa karatasi yenye anuani ya tovuti yangu.

Jumatatu nikapata barua ya wakili wake. Jana nami nikatafuta wakili. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba kuwahi kusajili hakumpi mtu haki. Wataangalia kama jina linafanana na alama ya biashara ya mwenzio kiasi cha kuwachanganya wanunuzi, kama una haki yoyote nalo, na kama ulilichukua kwa nia mbaya. Kila alipotaja moja nilijijibu moyoni, na kila jibu lilinihukumu. Mahakama inaweza kuninyang'anya jina na kuniamuru nilipe fidia, na zaidi ya kafe hii sina kitu. Ushauri wake: rudisha jina, saini, na usikiri lolote kwa yeyote, kwa mdomo wala kwa maandishi.

Leo mchana nilikwenda Majengo. Nikamwamkia Mama Zuhura. Aliitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamwambia jina nalirudisha.

"Jina utalirudisha, Elia. Na midomo ya watu utairudisha?"

Nimelia njia nzima, mtu mzima na ndevu zangu.

Yule wa Morogoro ameshawaambia wenzake sokoni. Mama Zuhura akisema mafuta hayakuwa yake, wanamcheka. Anayeweza kumsafisha ni mimi peke yangu, na mimi nimeambiwa ninyamaze.

Nimekaa hapa kafe tangu alasiri nikijiuliza nitaishi vipi na ukimya huo. Sioni vipi.

Basi wakili wangu anisamehe, haya nayaweka mtandaoni kila mtu ayasome. Mafuta yale hayakuwa ya Bi Mwanaidi. Niliyauza mimi, Elia wa kafe ya Chang'ombe, kwa jina lisilo langu. Anayetaka ushahidi auchape ukurasa huu kwenye karatasi, aende nao mahakamani.