Harufu ya Sweta la Kimani

Jumatatu, 1 Julai
Nimepika chai ya watu wawili tena. Wiki ya pili sasa Kimani wangu yuko Molo kwa mama yake, wanavuna viazi, na mkono wangu bado unapima vikombe viwili. Nalala na sweta lake. Linanukia yeye: udongo, moshi, sabuni ya kipande. Jamani, nampenda huyu mtu! Majirani hapa Kaptembwo, Nakuru, wanasema nacheka peke yangu nikianika nguo.

Pampu ya kahawia, ile ya kuvuta kila siku kuzuia pumu, iko dirishani na vumbi lake. Sijaigusa tangu harusi. Wiki saba bila kukohoa. Mapenzi yameniponya.

Alhamisi, 4 Julai
Nimeamka nikikohoa. Pampu ya bluu, ya dharura, mara mbili. Kimani akapiga simu, nikamwambia niko poa. Uongo wa kwanza wa ndoa yetu. Lakini Jumamosi naenda kupika jikoni kwa mama yake kwa mara ya kwanza. Bibi arusi haendi na kikohozi. Na mwisho wa mwezi nahamia huko kabisa. Kitanda kimoja, kila siku! Hakuna kitu kitaharibu hilo.

Jumapili, 7 Julai
Nimeliharibu mwenyewe.

Jana, jikoni Molo: kuni mbichi, moshi tele. Dirisha dogo kama kitabu. Shangazi wanne wa Kimani wameketi wakinitazama nikiponda mukimo, viazi na mahindi. "Huyu wa Nakuru amezoea gesi," mmoja akasema. Wakacheka. Nikacheka pia. Kifua kikaanza kubana. Pampu ya bluu ilikuwa chumbani, chini ya nguo, nilikoificha wasiione. Ningetoka tu. Sikutoka. Nikaponda mpaka mwiko ukaniponyoka.

Nakumbuka Kimani akinibeba. Hospitali, mashine ya mvuke, barakoa usoni. Daktari akauliza kama navuta ile ya kahawia. Kimani akaniangalia. Mama mkwe pia. Aibu ilinibana kuliko pumu.

Jumatano, 10 Julai
Nimerudi Kaptembwo peke yangu. Daktari ameagiza: kahawia asubuhi na jioni, hata nikijisikia mzima. Kusuuza mdomo kila nikiivuta. Bluu mfukoni. Kukaa mbali na moshi.

Mbali na moshi ni mbali na Molo. Mbali na yeye. Mama mkwe aliniaga harakaharaka. Naogopa atamwambia mwanawe ameoa mgonjwa.

Kimani amepiga simu. "Usiniambie poa. Niambie kifua." Nikalia.

Jumamosi, 13 Julai
Nimegundua. Ni sweta. Kila nikilikumbatia, nakohoa. Moshi wa jiko la mama yake umejaa kwenye uzi. Ile harufu ninayoiita yeye.

Sitalifua. Siwezi.

Jumatatu, 15 Julai
Mama mkwe kapiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Nikadhani kuna msiba.

"Umevuta?"
"Nimevuta, Mum."
"Ya kahawia?"
"Ya kahawia."
"Sasa wewe, ulifikiri nataka mukimo ama nataka msichana?"

Akasema jikoni kwake sitaingia tena. Nitamenya viazi nje, kwenye jua, na hao wenye midomo wapike wenyewe. Nikacheka mpaka nikakohoa. Lakini akasema nisihamie mpaka daktari aniruhusu na baridi ipungue. Labda Septemba. Septemba! Nani aliumba Agosti?

Jumapili, 21 Julai
Chai kikombe kimoja. Nimevuta kahawia, nimesuuza mdomo. Mama mkwe amepiga simu, kama kila siku sasa. "Umevuta?" Nimevuta.

Kisha nikaloweka sweta. Maji yakatoka meusi. Nikalifua mara tatu, mpaka likanukia sabuni tu.

Liko kwenye kamba, mikono inaning'inia. Nimekaa mlangoni nikilitazama likikauka. Kifua kiko wazi. Navuta pumzi mpaka chini kabisa, na harufu ya Kimani haimo.