Watani Wamefika na Nyavu

Jumatatu, 11 Novemba

Barua ya wizara imefika. Afisa wa kuhesabu samaki, Bi Vasiti, anakuja Jumamosi asubuhi. Serikali inataka asilimia thelathini ya bahari ya Fiji ihifadhiwe. Mwamba wetu wa matumbawe ni chembe tu ya hesabu hiyo, lakini ni chembe yetu. Samaki wakionekana wengi, mwamba utaandikwa na kulindwa kisheria. Wakiwa haba, unafunguliwa — na wenye nyavu ndefu wa mjini wako tayari. Miaka mitatu hatujatia hata ndoana pale. Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu. Kina mama bado wananinunia.

Jumatano, 13 Novemba

Balaa! Watani wetu wa kisiwa cha ng'ambo wameingia: watu tisa, boti moja, nyavu tatu. Eti wamekuja kwenye mazishi ya shemeji yangu — tuliyemzika mwezi uliopita! Mila ni ileile: mtani huchukua apendacho, mwenyeji hucheka. Ukinuna, umeshindwa, na utasimuliwa hadi ufe.

Tulipokaa kunywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi cha kupokelea wageni, nikawaeleza habari za mwamba. Kwa nini umefungwa, pono wanazaana vipi, changu huchukua miaka mingapi kukua. Saa nzima! Sakiusa, mkubwa wao, alisikiliza kama mwanafunzi bora wa darasa. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo, mtani, wamenona?"

Miaka thelathini na miwili ya kufundisha, na bado sijajifunza kunyamaza.

Alhamisi, 14 Novemba

Kuwakataza ni kuwasukuma. Nimefikiri hadi chai ikapoa. Halafu nikaenda kumfunga nguruwe wangu kwa mnyororo na kufuli mbili, mchana kweupe, nikigeuka kutazama nyuma kila hatua kama mwizi.

Saa tano mke wangu Mereoni akatokea nyuma ya nyumba. "Baba Litia, nguruwe wako kahama. Na mnyororo kaondoka nao."

Safi! Kuchimba shimo, kupasha mawe, kumfukia, kumla — siku nzima imekwisha. Nyavu hazikulowa. Wakanialika nikale nguruwe wangu mwenyewe. Sakiusa akanipakulia sikio moja. "Karibu, mgeni, usione haya."

Nikala. Alikuwa mtamu.

Ijumaa, 15 Novemba

Asubuhi nimeificha mikeka mipya ya Mereoni juu ya dari, kwa kelele nyingi. Imekwenda. Mereoni hasemi nami. Mpango sikumweleza — mara yangu ya kwanza maishani kusahau kueleza kitu!

Nikaifunika redio kwa shuka. Imekwenda. Birika, taa, suruali ya kanisani: vyote. Kila safari wanapakia botini, wanafunga kamba, wanaigizana jinsi nilivyoshika kichwa, na muda unasonga. Nikapaza sauti, "Wezi wakubwa nyie!" Wakafurahi mno. Nami pia, ila moyoni.

Bado Ijumaa, saa kumi jioni

Sakiusa amesimama mlangoni. Anatazama ukuta huu, anatazama ule.

"Mtani, nyumba imekwisha. Sasa tukawaone pono wako."

Wenzake wanakunjua nyavu ufukweni, nawaona dirishani. Wakizitupa leo, Bi Vasiti kesho atahesabu mawe. Nimekaa sakafuni, kwa kuwa kiti nacho kimeshapakiwa. Goti ndilo meza.

"Unaandika nini hapo?"

"Si kitu."

"Si kitu gani cha kurasa zote hizo?"

"Ni habari zako," nimemwambia, "lakini hazikuhusu."

Nimeufunika ukurasa kwa kiganja. Si wote. Jina lake nimeliacha wazi.

Huko nje wanamwita, mashine ya boti imeshawaka. Macho yake yako kwenye daftari hili. Anavua kandambili. Anaingia —