Glasi ya Wageni

Nyakabiga,
Bujumbura.
12 Julai 2025.

Mpendwa dada yangu Thuwaiba,

Assalaam alaykum. Naanza kwa kuuliza hali yako, na ule mguu wako, na joto la Muscat ambalo nasikia mwezi huu halimruhusu mtu kutoka nje kabla ya magharibi. Shemeji naye, presha imetulia? Sisi hapa tu wazima, Alhamdulillah. Mama anakula, anasali, anagombana na redio. Mimi meno yananisumbua, lakini ni yale yale unayoyajua. Vumbi la kiangazi limeingia mpaka kwenye sukari, tukiipata sukari yenyewe.

Uliniambia umechoka na ujumbe wa sauti, kwamba Mama hulia katikati na mimi huzungumza kama mtu anayesoma taarifa ya habari, kwa hiyo nikuandikie karatasi. Haya, karatasi ndiyo hii. Taarifa ya habari itabaki pale pale, maana ndivyo nilivyoumbwa, ila safari hii utaweza kurudi nyuma ukasoma tena. Anaileta Moosa wa duka la vitambaa, anayekuja huko kununua mali. Anacho na kifurushi chako, nitakieleza mwishoni.

Swali lako kubwa lilikuwa juu ya Maha na staji yake. Ulisema staji ikiharibika hakuna haja ya mwanao kurudia mwaka, apande ndege aje kwako na hizo sanaa aziache huku huku. Fedha ya tiketi ulishaiweka kando. Nitakueleza mambo yalivyokwenda, hata yale ambayo yeye hakukwambia kwa kuogopa utamcheka.

Kazi yangu pale chuoni unaijua. Kila mwaka wanafunzi wa sanaa wanaomaliza hupelekwa staji, miezi miwili ndani ya karakana au studio ya watu, wajifunze kufanya kazi mahali ambapo kuna mteja anasubiri. Mwishoni kila mmoja lazima aonyeshe kitu alichokifanya huko kwa mkono wake mwenyewe, na jopo la walimu likitazame. Asiyekuwa nacho anarudia mwaka. Mimi ndiye ninayewatafutia nafasi.

Na kutafuta nafasi Bujumbura si kutuma barua yenye muhuri. Barua wanaipokea kwa mikono miwili, wanaiweka chini ya kalenda, inazeekea hapo. Inabidi uende nyumbani kwa mtu jioni, umuulizie mama yake, uwaulizie watoto, unywe unachopewa, usifie pazia. Ukishavaa viatu, uko mlangoni, ndipo unasema kuna mtoto mmoja hivi. Nimefanya hivyo miaka mingi na nilijiona fundi.

Zamu ya Maha ilipofika, usimamizi wake nilimkabidhi mwalimu mwenzangu Irène, watu wasije wakasema mjomba anampa alama mpwa wake. Lakini nafasi nilimtafutia mwenyewe, na nilibisha mlango mmoja tu, wa ami Hamoud. Karakana yake ya vibao ndiyo iliyoandika majina ya maduka mengi unayoyakumbuka hapa mjini. Tena ana Gaspard, fundi wake mkuu, ambaye bado anachora herufi kwa mkono wakati wenzake wote wanachapa kwenye plastiki. Maha alimtaka huyo Gaspard. Nikaenda, nikanywa kahawa, nikavaa viatu, nikasema. Ami Hamoud hakuniacha nimalize. Binamu wa marehemu Baba atamkatalia nini mtoto wako?

Maha alianza baada ya Idi ya Ramadhani. Alikuta ametengewa kiti, tena kile cha ngozi cha ami Hamoud mwenyewe, kimesogezwa karibu na feni. Akaletewa juisi ya maracuja kwenye sinia, ndani ya ile glasi ya maua yenye mstari wa dhahabu ambayo kila nyumba ya kwetu inayo kabatini kwa ajili ya wageni. Unaijua. Kwetu ulinywea hiyo hiyo ulipokuja mwaka juzi, ukaketi sebuleni siku zote, kisha ukaondoka kabla ya siku yako ukisema Bujumbura kuna joto, wewe unayetoka Muscat. Tulicheka sana siku ile.

Mchana akaletewa wali na samaki wa mukeke wa kukaanga kutoka nyumbani, peke yake, juu ya kitambaa cha meza. Mafundi wenyewe wanakula maharagwe wamechuchumaa, na maji wanakunywa kwa kikombe cha plastiki kilichofungwa kamba kwenye pipa. Kila alipoinuka kushika brashi kulikuwa na mtu wa kumpokonya kwa adabu, amwombe akapumzike. Wiki iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo, isipokuwa juisi ilikuwa ya nanasi.

Rafiki yake Raïssa, ambaye wanasoma pamoja, alikuwa amepelekwa studio moja ya Kinanira ambako hajulikani na mtu. Huko anasafisha brashi, anafagia, anakemewa, na jioni anapita hapa kulalamika. Maha alikuwa anamsikiliza kwa wivu. Niliona kwa macho yangu mtoto wako anauonea wivu ufagio.

Basi akaanza kuinuka mezani sahani haijafika nusu. Mama akanituma nikazungumze na ami Hamoud. Nilipofika nikawekewa kiti cha pili karibu na feni, nikaletewa juisi. Nikasema Maha anatakiwa afanye kazi, la sivyo hatakuwa na cha kuonyesha. Mzee aliumia kweli, nilimwona.

"Mutoto wa Thuwaiba ashike pinceau ku kwangu, achafuke?" akasema. "Apana, Khaled. Kesho mama yake ananiuliza, mi nitamujibu nini? Kwamba nilimufanya mutumishi?"

Gaspard alikuwa nyuma yake anakoroga rangi. Wakati wa kutoka nikamuuliza na yeye. Hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, mi siwezi tuma mutoto wa ndugu ya patron," akasema. "Nikimupigia kelele leo, kesho mi niko inje."

Unaona mwenyewe, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ilikuwa heshima tupu, na sehemu kubwa ya heshima hiyo ilikuwa yako wewe uliye mbali. Nikafikiria kumhamisha, lakini kumtoa mtoto kwa ami Hamoud ni kuutangazia mji mzima kwamba tumegombana. Kwa hiyo sikufanya kitu. Jioni moja Maha akasema ataacha, nikwambie utume tiketi. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa huku anachambua mchele, na ni hiyo sauti iliyonitia hofu. Angelia ningejua la kufanya.

Halafu shangazi Asiya, dada yake ami Hamoud, akafariki. Habari ulizipata kwa simu, ukalia pamoja nasi, Mungu amrehemu. Usichoambiwa ni mambo ya uani.

Msiba uliwekwa kwa ami Hamoud, kule Gihosha. Tulifika asubuhi, watu wameshajaa, wanaume barazani na misahafu, wanawake ndani, na uani masufuria makubwa yako motoni. Wapishi walikuwa wachache. Petroli haikuwepo na wengi wa kutoka Buyenzi walikuwa bado wanapanda kilima kwa miguu. Maha akaonyeshwa mahali pazuri kwenye mkeka, karibu na wafiwa. Hakukaa. Alivua buibui, akajifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwenye masufuria. Hakuna aliyemrudisha, kwa sababu siku ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutafuta glasi wala sinia.

Kabla ya adhuhuri ikashuka mvua, ile ya Aprili isiyopiga hodi. Gaspard si Muislamu, lakini alikuwa hapo tangu alfajiri anawafungia wapishi turubai. Alikuwa amesimama juu ya stuli, kamba moja imemponyoka, na maji yanaelekea kwenye moto. Aliyekuwa karibu ni Maha. Na Gaspard huyo huyo, ambaye wiki zote zile alishindwa kumwambia hata nipishe, alipaza sauti mpaka wasomaji wa barazani wakageuka.

"We Maha! Unangoja nini? Shika kamba! Vuta! Apana ivo, vuta na mikono yote mbili!"

Maha akavuta. Akateleza akaanguka matopeni, akainuka, akavuta tena mpaka turubai likakaza. Ami Hamoud alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, ameona yote. Nilidhani atamgeukia Gaspard.

"Mufunge na upande ule," akasema, "maji inaingia." Akarudi ndani.

Siku zote za msiba Maha alikuwa uani. Anaosha sufuria, anachota maji, anagawa sahani, anaitwa kwa jina na watu ambao wiki iliyotangulia walikuwa wakimwita mgeni wetu. Mimi nilikuwa barazani na msahafu wangu, lakini nakiri nilikuwa nachungulia zaidi ya kusoma.

Aliporudi karakanani, kiti cha ngozi kilikuwa kimerudi ofisini kwa mwenyewe. Hakuna aliyetoa tangazo. Juisi haikuja. Gaspard akampa msasa na ubao mkavu, akamwambia aulainishe. Baada ya siku chache akampa brashi.

Na jioni moja akaingia hapa nyumbani, rangi mpaka kwenye kiwiko, akasimama katikati ya sebule kabla hata ya kuvua viatu.

"Bibi," akasema, "leo nimegombezwa."

Alikuwa anacheka. Gaspard alikuwa amemfutisha mstari mzima wa herufi mbele ya mteja, kwa sababu zilikuwa zinalala upande. Mama akamuuliza alijibu nini. Akasema hakujibu, alifuta. Kisha akala sahani mbili, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu Idi.

Kazi aliyoitoa ni kibao cha mshonaji mmoja kule kule Gihosha. Herufi nyeupe juu ya kijani kilichokolea, na uzi mwembamba unaotoka kwenye herufi ya mwisho na kuingia kwenye tundu la sindano. Sisemi ni kazi ya ajabu. Nasema nimepita pale mara nyingi kuliko ninavyohitaji kupita. Jopo lilipanda kwenda kukitazama, mwalimu mmoja akanung'unika kwamba herufi mbili zimenenepa, Irène akatetea. Maha amefaulu. Alama zake si za kupigia vigelegele wala si za kuficha, na Raïssa amempita, asije akakudanganya.

Sasa nakuja kwenye lenye uzito. Ami Hamoud anataka abaki kazini, kwa mshahara, chini ya Gaspard. Maha anataka kubaki. Anangoja neno lako, na ameniomba nikuandikie mimi kwa sababu yeye kila akianza hafiki mbali, anaandika "Mama", kisha anaiacha kalamu.

Najua umemngoja tangu alipobaki kwa Mama akiwa mdogo wa kufungwa viatu. Najua chumba umeshakitandika na pazia umenunua. Nami ndiye ninayekwambia ungoje tena. Inaniuma, Thuwaiba, na sijui kuipamba. Ukisema aje, atakuja, na hatanuna. Lakini uliniuliza ukweli wa mambo, na ukweli ni kwamba mtoto amepata mahali anapogombezwa, na anakupenda.

Msalimie sana shemeji, na Houda na watoto wake, na bibi Salma jirani yako aliyenitumia ile dawa ya meno ambayo haikufanya kitu. Mama anakusalimu kwa machozi yake ya kawaida. Ami Hamoud anakusalimu, na anasema umwie radhi kwa kumchafua mtoto wako rangi. Raïssa naye kaomba atajwe. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuponye mguu, na atukutanishe tukiwa wote wazima.

Nilikuahidi habari za kifurushi. Siku ile Maha alipogombezwa, baada ya kula, Mama alikaa anatazama kabati. Kisha akasema, "Thuwaiba naye, tulimukalisha pale." Akaonyesha kochi ulilokalia mwaka juzi.

Juzi aliposikia Moosa anasafiri, alifungua kabati mwenyewe, akaitoa ile glasi ya maua, akaifunga kwa kanga yake na kuniambia nikutumie. Itumie huko kwako, wageni unao. Fedha ile ya tiketi jinunulie wewe tiketi ya kuja huku. Mama anasema hapa nyumbani glasi hiyo hutaihitaji tena, kikombe cha plastiki kipo pale pale juu ya mtungi, na sufuria ameacha kuziosha tangu jana, zinakungoja.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Khaled