Gango la Mguu wa Kulia

Jumatatu, 4 Mei 1953
Somo la mifupa hospitalini asubuhi. Nimewaambia tena madresa, wasaidizi wetu wa kufunga vidonda: kulia ni kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama. Wamechoka kunisikia.
Jioni nimepita kwa Fundi Likwata, Mmakonde, jirani yangu hapa Temeke. Gango langu la paja, mti wa kufungia mfupa uliovunjika, tayari. Mninga mtupu, na shimo juu ya goti upande wa ndani ili mshipa mkubwa wa damu usibanwe. Ameandika KULIA kwa kisu. Miaka sita nalichora, nalifuta.

Jumatano, 6 Mei
Saidi, mchukuzi wa Kurasini, kaangukiwa na kreti. Paja la kulia limevunjika. Daktari Mkuu, Mzungu, kaniruhusu nijaribu. Mara moja tu, kasema. Nimelifunga gango mwenyewe. Nilifurahi mno. Nimesoma lile neno, sikutazama shimo.

Alhamisi, 7 Mei
Kufundisha kutwa. Dresa kaja kuniambia Saidi analalamika ganzi. Nikasema ni kawaida.

Ijumaa, 8 Mei
Vidole vya mguu wa Saidi baridi. Vyeusi. Nimefungua. Shimo liko nje. Ndani, mti umekaa juu ya mshipa.
Nimekwenda mbio kwa Fundi. Hachongi kitu cha mwili bila kukipima kwanza kwenye mwili wake. Aliishika karatasi yangu wima mbele yake, akajipima paja lake la kulia: kulia kwa karatasi akakufanya kulia kwake. Lakini mie nilichora kama tunavyochora darasani, mguu wa mtu aliyenielekea. Ndani ikawa nje.
Madresa nawaambia kila Jumatatu. Fundi sikumwambia.

Jumamosi, 9 Mei
Nimemkata Saidi mguu. Mkono wangu huu. Mkewe kaniamkia shikamoo kwa adabu, kisha kauliza kama watapewa ule mguu wakauzike. Daktari Mkuu hakunigombeza. Kalitupia gango stoo. Heri angenigombeza. Sifai.

Jumatatu, 11 Mei
Sikufundisha. Nilisimama mbele ya madresa, nikatoka.

Jumapili, 31 Mei
Sikwenda kanisani. Fundi kaja na kipande cha mninga begani. Anataka kumchongea Saidi mguu. Gango hakulitaja. Kanipa karatasi.
"Nichoree, Daktari. Ila safari hii niambie kabisa: kulia kwake, au kulia kwangu?"
Nimemkalisha kitini, nimeilaza karatasi juu ya paja lake la kulia. Nimepiga magoti, nikachora hapo hapo.