Kanga Aliyoiacha Mgeni

Mjukuu wangu Salim, mume wangu,

Huku Dubai, mtaa wa International City, tu wazima, na shangazi yako anakusalimu. Umeniuliza kama wapenzi wa hadithi yako waachane likizo ikiisha. Mimi mwisho mwingine siujui.

Ujanani nilisafisha vyumba hotelini, nikapendana na mgeni. Yeye alikuwa mapumzikoni, mimi nilikuwa kazini, na tofauti hiyo sikuiona. Nilimpa kanga yangu anikumbuke. Akaondoka bila kuaga, na zamu ya kusafisha chumba chake ikawa yangu. Kanga niliikuta sakafuni, pamoja na mataulo machafu. Kwetu, kitu chochote kilichoachwa chumbani lazima kipelekwe ofisini. Nikaipeleka.

“Ya nani hii?” akauliza msimamizi.

“Ya mgeni, madam.”

Bibi yako